Gobore Nyuma ya Mlango

Katika vijiji vya Pawaga na Idodi, upande wa Iringa unaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali mkoani Mbeya, mtoto huanza mapema kulinda shamba. Huamia ndege, hufukuza nyani, na silaha zake ni sauti yake, debe bovu na manati. Usiku ni zamu ya wakubwa, maana ndipo nguruwe pori wanapoingia, na katika baadhi ya nyumba mkubwa huyo hutoka na gobore. Ndiyo maana wazazi wa huku hujiuliza swali ambalo mjini lingeonekana la ajabu: kijana wa miaka 12 au 13, mwenye shabaha ya manati isiyokosa, hajafikia bado kufundishwa bunduki? Naona swali hilo limebeba masomo mawili kwa pamoja. Somo la kuiacha bunduki ilipo mtoto analihitaji tangu aanze kufungua makabati. Somo la kuipiga lingoje utu uzima. Tukiyachanganya, tutawahisha lile la kungoja na kuchelewesha lile la haraka.

Anayetaka kuona tofauti hiyo amtazame mtoto na manati yake. Kulenga anajifunza kwa wiki chache: panda ya mti mkono wa kushoto, mpira unavutwa mpaka karibu na sikio, jicho moja linafumbwa, njiwa anaanguka. Lakini mtazame pale njiwa anapotua juu ya paa la jirani, au mtu anapopita nyuma ya mti wakati mpira umeshavutwa. Wengi huachia. Si kwa ubaya wa moyo. Jicho limeshika ndege tu na dunia nyingine yote imefutika. Mkono umekomaa, ila ile akili ya kujizuia katika nukta ya mwisho bado inakua, na wataalamu wa ubongo wanasema huendelea kukua hadi mtu apite miaka 20. Ukanda wetu huu wa Afrika una ushahidi mchungu zaidi wa jambo hili. Neno kadogo, la Kiswahili chetu wenyewe, ndilo walilopewa watoto waliobebeshwa bunduki katika vita vya Uganda vilivyoisha 1986, na baadaye katika jeshi la Laurent Kabila lililotembea kutoka mashariki ya Kongo na kuingia Kinshasa mwaka 1997. Watoto wale waliweza kupiga bunduki, tena vizuri. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kwa sababu waliweza, basi walikuwa tayari.

Wapo wanaojibu kwamba asiyejua bunduki ndiye wa hatari, kwa hiyo tumfundishe mapema ili aiheshimu. Hoja hii ina uzito, na imepimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12. Waliwaweka wawili wawili au watatu watatu katika chumba chenye kioo cha kutazamia, na ndani ya droo walificha bastola ya kweli isiyo na risasi. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliiona bastola, 16 yaliishika, na katika 10 kulikuwa na aliyevuta triga. Kinachonisumbua mimi ni hiki: zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walisema walishawahi kufundishwa usalama wa bunduki. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2004, uliwahusu watoto wa miaka 4 na 5. Waliofundishwa masharti kwa maneno waliyakariri vizuri, ila walipokutana na silaha peke yao wengi hawakuyafuata. Waliofanyishwa kwa vitendo, tena na tena, walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mzazi asitosheke na kumwambia mtoto. Amfanyishe: ukiiona, usiguse, ondoka, mwite mkubwa. Amrudishie zoezi hilo siku ambayo mtoto hakulitegemea, na hata akifaulu, asiiache silaha wazi kwa kumwamini.

Nasisitiza hili kwa sababu ya gobore lenyewe. Takwimu za Marekani zinahusu bastola ya kiwandani, ambayo hufunguliwa na kutolewa risasi. Gobore hushindiliwa kwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha tambara, kisha vipande vya chuma, vyote vikisukumwa kwa mdeki. Likishajazwa, kulitoa shehena si kazi rahisi, na njia wanayoijua wengi ni kulipiga. Ndiyo maana mtu aliyekesha shambani bila kuona nguruwe hurudi alfajiri na gobore lililojaa, akaliegemeza nyuma ya mlango akalala. Kwa macho, lililojaa na tupu ni kitu kimoja. Mwenye nalo hulijua kwa kutumbukiza mdeki na kuangalia umebaki nje kiasi gani. Mtoto wa miaka 6 hajui hata kama kuna cha kupima. Isitoshe, mengi yametengenezwa na mafundi wa vijijini kwa mabomba yasiyokusudiwa kuhimili mlipuko, na yanaweza kumpasukia hata fundi aliyeyazoea.

Hoja ya shamba naiheshimu zaidi, maana njaa si nadharia. Mahindi yakiliwa kwa usiku mmoja, fedha za kifuta jasho kutoka serikalini hazijazi ghala. Lakini kumpa mtoto gobore hakuokoi mahindi hayo. Tembo aliyejeruhiwa kwa vipande vya chuma hugeuka hatari kwa kijiji kizima, na nguruwe hupigwa gizani, saa ambazo jirani naye yumo shambani mwake. Kuna afisa wanyamapori wa wilaya, kuna zamu za vijana wakubwa wenye tochi na ngoma, na kuna kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, kazi ambayo mtoto anaweza kushiriki mchana bila kuwekwa mbele ya mtutu. Wengine huleta hoja ya ukoo, kwamba Uhehe ni nchi ya mashujaa. Ni kweli, na Lugalo ni ushahidi. Ila tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilipoivamia huko Lugalo safu ya Wajerumani iliyoongozwa na Zelewski, silaha iliyofanya kazi kubwa ilikuwa mkuki, na ushindi ulitokana na watu kujificha na kusubiri amri. Anayetaka kurithi kitu cha Lugalo aanze na huko kusubiri.

Sheria nayo imeweka mpaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 leseni ni ya mtu, haigawanywi kwa wanawe. Gobore lisilo na leseni lina hatari mbili, ya kujeruhi na ya kushtakiwa, na Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Kwa kijana anayetamani kweli kujifunza, njia ipo, tena karibu. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita hupelekwa makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yakiwemo Mafinga mkoani Iringa na Itende mkoani Mbeya. Huko kuruta hafiki uwanja wa shabaha siku ya kwanza. Hutanguliwa na kwata na kuzoea kutii neno moja la afande. Na akishapiga, silaha hukaguliwa, hurudishwa ghalani na kuhesabiwa, naye hurudi bwenini mikono mitupu. Jeshi zima halimwachi kijana mkubwa aliyefunzwa alale na bunduki pembeni yake. Nyumbani, gobore liko nyuma ya mlango, na mtoto wa miaka 6 ndiye anayeamka wa kwanza.