Namba usiyoijua inalia: namna ya kupokea simu bila kupoteza pesa ya nyumba

Mama yuko jikoni, sombe iko motoni. Simu ya nyumba imewekwa dirishani, pale reso inashika vizuri. Inalia. Namba haina jina. Mtoto wa miaka tisa anaikimbilia, anasema « alo », na sauti tamu ya mwanaume inamwambia: « Mama yuko? Mwambie ni watu wa reso, ameshinda dola 500. »

Kwa wakaaji wengi wa Bunia, toka Mudzi-Pela mpaka Nyakasanza, simu ya namna hiyo si habari mpya. Kuko sauti zilizorekodiwa zinazotangaza promo saa yoyote. Kuko bipu za usiku toka nchi ambazo hakuna mtu wa familia anaishi. Kuko wanaojiita wafanyakazi wa reso, na kuko wanaojiita ndugu yako. Ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja: namba usiyoijua, usipokee.

Ushauri huo unaweza kumfaa mtu wa Brussels. Hapa Ituri ni vigumu kuufuata. Mtu aliyekimbia Djugu usiku anapiga kwa simu ya kuombwa, kwa namba ambayo hujawahi kuiona. Aliye kwenye kambi ya Kigonze hana chaji, anaomba simu ya jirani. Namba ya +256 si ya ajabu pia: inaweza kuwa shangazi aliye kambini Kyangwali, Uganda, au mfanyabiashara wa Mahagi ambaye simu yake inashika reso ya ng'ambo ya mpaka. Familia ngapi zimepata habari ya mtu wao kupitia namba isiyojulikana? Kuikataa ni kujifungia mlango, na matapeli wanajua hilo.

Kwa hiyo watu wataendelea kupokea, na kupokea si kosa. Ukiwa ndani ya nchi, simu unayopokea haikukati unite hata moja. Na tapeli wa simu hawezi kuchota pesa yako kwa sababu tu umesema « alo ». Anahitaji wewe ufanye kitu: ubonyeze, upige tena, au umpe kode, ama umtumie pesa wewe mwenyewe.

Kubonyeza ni ile ya matangazo. Sauti inasema bonyeza 1 upate muziki, utabiri au mchezo. Mzee asiyesikia vizuri Kifaransa anabonyeza ili kelele iishe, kumbe amekubali huduma inayokata unite kila siku. Ndiyo maana wengine wanaweka unite asubuhi na mchana hawana kitu, wanalaumu watoto. Mesaji ya kukuandikisha kwa kawaida inaonyesha neno la kusimamisha, mara nyingi STOP. Usipoliona, nenda na simu yako kwenye ofisi ya reso, uombe waondoe huduma zote ulizoandikishwa. Ni haki yako kuuliza unite zako zimeenda wapi, hata kama ni franka kidogo.

Bipu ya ng'ambo ina ujanja wake. Duniani wanaiita wangiri, neno la Kijapani lenye maana ya kulia mara moja na kukata. Mashine inabipu maelfu ya namba kwa usiku mmoja. Anayepiga tena anaangukia kwenye laini ya bei kali, na sehemu ya pesa anayolipa inamrudia aliyebipu. Wanamweka hewani kwa muziki au kwa kumwambia « subiri kidogo » mpaka unite ziishe. Kwa watu wa hapa, bipu maana yake ni « nipigie, sina unite », na kutopiga ni kama kumdharau mwenzako. Wizi huu unakula adabu yetu wenyewe. Dawa ni kutazama namba tatu za mwanzo: Kongo ni +243, Uganda +256, Rwanda +250, Burundi +257, Tanzania +255, Kenya +254, Sudani Kusini +211. Ikiwa nchi huitambui na huna mtu huko, acha. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au ataandika.

Wizi unaoumiza zaidi ni wa pesa ya simu. Sauti inalia: « Ndugu yangu, nimekosea namba, nimekutumia dola 40 za dawa za mtoto, nirudishie tafadhali. » Kweli, mesaji imeingia, inasema umepokea dola 40. Mtu mwenye roho nzuri anarudisha. Nyuma ya dakika tano anagundua kwamba arobaini aliyotuma ilikuwa yake mwenyewe.

Ile mesaji iliandikwa na tapeli kwa mkono. Tazama ilitoka wapi: ya kweli inakuja kwa jina la huduma, ya uongo mara nyingi inatoka kwenye namba ya kawaida kama yako. Hata hivyo usiamini mesaji, amini salio. Kwa M-Pesa ni *1122#, Airtel Money *501#, Orange Money *144#. Kama salio halikusogea, hakuna kilichoingia. Na kama pesa imeingia kweli? Hapo pia usirudishe wewe. Mwambie apige reso yake, wao ndio wanarudisha. Inawezekana pesa hiyo iliibiwa kwa mtu mwingine, na ukiituma mbele, namba yako ndiyo itaonekana kwenye mashtaka.

Tanzania wanajua mchezo mwingine uliozoeleka mpaka umekuwa kichekesho mtaani: mesaji fupi, bila salamu, inayosema ile hela tuma kwenye namba hii. Haimtaji mtu. Lakini ikitumwa kwa watu elfu, hatakosekana mmoja aliyekuwa karibu kumtumia mwenye nyumba pesa ya kodi, naye anadhani ni yeye. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea mesaji za namna hiyo.

Kuhusu kode, hakuna mengi ya kusema. Mfanyakazi wa kweli wa reso hahitaji kode yako ya siri. Anayekuambia « piga *1122# halafu ufuate ninavyokuambia » anakuongoza kumtumia pesa kwa mkono wako. Namba sita ambazo WhatsApp inakutumia ni ufunguo wa akaunti yako, ukizitoa atakuwa wewe, na ataomba pesa kwa rafiki zako wote.

Vijana wa Bunia wana simu yao ya pekee: « Umechaguliwa kwa kazi MONUSCO, tuma dola 30 ya dosye. » Umoja wa Mataifa unatangaza wazi kwamba hauombi pesa kwa hatua yoyote ya kuajiri, si ya dosye, si ya mafunzo. Anayeomba hata dola moja hana kazi ya kukupa.

Lakini wanapata wapi namba zetu? Nyingine mashine inazikisia tu kwa kufuatana. Nyingine ziko kwenye grupu za WhatsApp na matangazo yaliyobandikwa ukutani. Na kuko kaye ya kabine. Ukitoa pesa, ajenti anaandika jina, namba na kiasi, na anayesimama nyuma yako anasoma vyote bila kazi. Ajenti makini anaifunika. Asipofanya hivyo, mwambie, hata kama atakunja uso.

Sheria iko. Kode ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari binafsi za mtu na inaadhibu wizi unaofanywa kwa njia ya mitandao, na reso zote zinasimamiwa na ARPTC, yenye makao Kinshasa. Shida ni kumfikia mwizi: kadi SIM nyingi zinauzwa zikiwa zimeandikishwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pengine mama wa sokoni asiyejua lolote.

Kwa hiyo ulinzi unabaki nyumbani. Anayesema ni ndugu na yuko hatarini, muulize kitu ambacho mgeni hajui: jina la yule mbwa wenu wa zamani, nani alimzika babu, mlango wa nyumba ya kijijini unatazama wapi. Usimpe jina wewe. Ukisema « Ni wewe Jean? », tapeli atakuwa Jean palepale. Familia zilizotawanyika zinaweza kupatana neno moja la siri mapema. Ndugu wa kweli hatakasirika kuulizwa. Mtoto naye afundishwe jibu moja tu: « Mama hayuko karibu, piga baadaye », bila kusema jina, bila kubonyeza.

Na kama pesa imeshaondoka, usikae kulia wala kubishana na mwizi. Piga reso papo hapo, au kimbia kwenye ofisi yake na kitambulisho, ukiwa na namba ya mwizi na mesaji ya kutuma. Usiifute. Ikiwa hajaitoa bado, inaweza kuzuiliwa. Akishaitoa kwenye kabine ya Komanda au Kinshasa, kinachobaki ni polisi na parke. Wengi wanapoteza nusu saa ya kwanza kwa sababu ya haya, wanaogopa mume au mke atajua. Ile nusu saa ndiyo mwizi anaitumia kusimama kwenye mstari wa kabine.