Mayai 40, vifaranga 6



Wengi mnalijua lile sanduku letu la kutotolesha mayai, na wengi mmeshalicheka. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa hapa Uganda mwaka 2023, kila nyumba inatafuta kitu cha kuuza, na hapa Nakivale kuku hakai sokoni muda mrefu. Ndiyo maana familia 8 zilikubali kutupa mayai 5 kila moja. Yalikuwa mayai ambayo watoto wangeweza kuyala jioni ileile. Tukayapanga sandukuni, chemli chini, bakuli la maji pembeni, tukasubiri siku 21.

Siku ya 21 alitoka kifaranga mmoja tu. Hadi siku ya 24 walikuwa 6, wazito wa kutembea, matumbo makubwa. Mama mmoja alikuja na kikapu kuchukua fungu lake, akakuta hakuna. Hakusema neno, aligeuka akarudi kwake. Afadhali angetugombeza.

Tulikuwa tunakwenda kuyatupa yaliyobaki shimoni, ndipo mzee mmoja aliyefuga kuku kule Masisi kabla ya vita akatuzuia: "Musitupe, walimu. Muyapasule moja moja muone." Tuliziba pua tukayapasua yote 34 (jamani, harufu ya yai viza!). Tukaandika kila tulichokikuta.

Mayai 11 hayakuwa na kitu ndani, kiini na ute tu. Bahati nzuri tulikuwa tumeandika namba ya nyumba kwenye kila yai kwa penseli, tukaona kuwa 9 kati ya hayo yalitoka nyumba 2 tu. Kuuliza, kumbe nyumba zote 2 zilimtegemea jogoo wa jirani, na jogoo huyo aliliwa Noeli! Kuku hutaga hata bila jogoo, lakini yai hilo halina mbegu. Jogoo akishaondoka, mbegu yake hubaki ndani ya tetea kiasi cha wiki 2 hivi, basi. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10.

Mayai mengine 7 yalikuwa na duara la damu, maana yake kifaranga alianza kuumbika akafa siku za mwanzo. Hapa kosa linaweza kuanza kabla yai halijafika kwetu. Kuna waliotuambia wanaweka mayai jikoni karibu na moto, au juu chini ya mabati. Joto la namna hiyo linaliamsha yai nusunusu, halafu usiku linapoa. Yakae kivulini, pahali pa ubaridi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, na yasizidi siku 7. Msiyaoshe pia, maana ganda lina utando wake unaozuia vijidudu. Yai chafu sana bora mlipike.

Viza yalikuwa 3. Yaliyobaki 13 ndiyo yaliyotukosesha usingizi, kwa sababu ndani mlikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya na kucha, wamekufa bila kutoboa ganda. Hao walikuwa na baba, na mayai yao yalitunzwa vizuri. Kosa lilikuwa letu.

Tulikuwa tumeazima kipimajoto cha homa, kile cha kioo chenye zebaki. Kila asubuhi kilisoma 38.5, na sisi tukaandika 38.5 daftarini kwa furaha. Ni mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliyeuliza: "Mwalimu, mbona hakishuki hata sanduku likiwa wazi?" Tukatazamana. Kipimajoto cha homa kimetengenezwa kipande na kubaki palepale hadi ukikung'ute. Kilikuwa kinatuonyesha joto la juu kabisa la jana, na usiku mafuta ya taa yalikuwa yanakwisha, mayai yanapoa sisi tumelala. Ndiyo maana hata wale 6 walichelewa.

Sasa tumenunua kipimajoto cha ukutani. Kwanza tulikijaribu: maji ya vuguvugu kikombeni, kile cha homa kilichokung'utwa kando yake, tukaona kama vinakubaliana. (Kile cha zebaki kikivunjika ni sumu, watoto wasikiguse.) Kimewekwa usawa wa migongo ya mayai, maana sanduku lisilo na feni lina joto zaidi juu kuliko chini. Hapo tunataka 38.5. Mwenye mashine yenye feni atafute 37.5. Mafuta tunaongeza saa 4 usiku, na kwa zamu mmoja wetu anaamka saa 9 kuitazama taa. Matundu ya hewa hatuyazibi, kwa sababu yai linapumua.

Kosa lingine tunaona haya kulisema. Siku za mwisho tulikuwa tunawaita watoto waje kuona, kifuniko kikifunguliwa kila saa. Unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka na kumshika kifaranga. Mayai tunayageuza mara 3 kwa siku hadi siku ya 18, kisha tunaongeza maji bakulini, tunafunga, na hakuna anayefungua.

Mara ya pili tuliweka mayai 32, tuliyoyanunua kwa pesa za mifuko yetu. Siku ya 7 usiku tuliyamulika kwa tochi, tukatoa 5 yasiyo na mishipa ya damu. Siku ya 21 na ya 22 wakatoka 21. Bado 6 wametushinda, na tumewapasua pia. Lakini mwenye tetea anayeatamia asijisumbue na sanduku. Ampe mayai 10 au 12, amwangalie chawa na utitiri, basi. Tetea haishiwi mafuta usiku.

Familia zile 8 zimepata vifaranga 2 kila moja. Yule mama aliwabeba wake ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa kitenge, na safari hii alituuliza tunaanza tena lini.

Tunaanza Jumatatu. Leteni mayai yaliyoandikwa tarehe, na mtuambie ukweli kuhusu jogoo.