Chati za Hisa: Zinasema Nini Soko Likianguka?

Katika vikundi vyetu vya akiba kuna swali linalozidi kuulizwa, hasa na vijana: je, mtu wa kawaida anaweza kutumia chati kujua hisa itapanda lini? Wengine wanasema, "Bei imeshuka vya kutosha, chati inaonyesha imefika chini, tuingize pesa ya kikundi sasa." Kabla hamjapiga kura, hebu tuielewe hiyo chati kwanza.

Chati ni nini?

Chati ni mchoro wa bei, basi. Chini unaandika tarehe, kando unaandika bei. Kila siku soko likifungwa unaweka nukta, halafu unaunganisha nukta kwa mstari. Unaweza kuichora hata kwa daftari la hesabu la mtoto wa shule.

Wanaosoma chati hutafuta mambo matatu. La kwanza ni mwelekeo: mstari unapanda, unashuka au umelala? La pili ni sakafu na dari. Sakafu ni ile bei ambayo hisa ikishuka hadi hapo, wanunuzi hujitokeza ikapanda tena. Dari ni bei ambayo ikifikiwa, wauzaji huwa wengi ikarudi chini.

La tatu ni wastani. Tuseme bei za siku tano ni shilingi 6.00, 5.80, 5.60, 5.50 na 5.10. Jumla ni 28. Gawanya kwa 5, unapata 5.60. Bei ya leo, 5.10, iko chini ya wastani, kwa hivyo hisa inashuka. Kesho unaacha ile 6.00 ya kwanza, unaongeza bei mpya, unapiga hesabu tena.

Hakuna uchawi hapo. Lakini angalieni: kila nukta ni ya jana. Chati inaonyesha watu walilipa nini. Haijui kampuni ina deni gani, wala haijui habari itakayofika Jumatatu.

Yaliyotokea 2008

Mwezi wa Machi na Aprili 2008, serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni. Wengi walikumbuka hisa za KenGen za 2006, zilizouzwa kwa shilingi 11.90 na kupita 30 muda mfupi baada ya kuingia sokoni. Wengine walikopa benki ili wasiachwe nyuma. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwa hivyo wengi walipewa sehemu ndogo na pesa nyingine ikarudishwa. Lakini riba ya mkopo haikurudishwa.

Hisa hizo zilianza kuuzwa Nairobi tarehe 9 Juni 2008, zikapita shilingi 7. Halafu zikaanza kuteremka. Hapo ndipo maneno ya sakafu yalipoanza. Ati haiwezi kwenda chini ya shilingi 5, kwani hiyo ndiyo bei ya serikali! Kumbe soko zima lilikuwa linashuka. Kipimo cha hisa 20 za soko la Nairobi kilikuwa kimepita 6,000 mwezi wa Januari 2007. Ikaja ghasia ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na Septemba mwaka huo benki ya Lehman Brothers ikaanguka huko Marekani. Wageni wakaondoa pesa zao katika masoko mengi. Kufikia Machi 2009 kipimo hicho kilikuwa chini ya 2,500, na hisa ya Safaricom ilikuwa karibu shilingi 3.

Ile sakafu ya shilingi 5 ilivunjika. Tena ikageuka kuwa dari, maana mtu aliyenunua kwa 5 anangoja bei irudi 5 auze, apate pesa yake aende nyumbani. Mwaka wa 2010 bei ilipita 5, lakini kufikia mwisho wa 2011 ilikuwa imerudi karibu 3.

Mambo hayo hayakuisha hapo. Mwaka wa 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Mwaka wa 2023 ikawa chini ya 15. Njiani humo palikuwa na mahali pengi ambapo mtu angechora mstari na kusema, "Hapa ndipo chini." Chini hujulikana baadaye, bei ikishapanda.

Hesabu ambayo chati haikuonyeshi

Ikiwa shilingi 10,000 imeshuka kwa nusu, mnabaki na 5,000. Kurudi mlikotoka, bei haitoshi kupanda kwa nusu. Lazima ipande mara mbili.

Tena kuna ada ya dalali, unaponunua na unapouza. Kwa mfano wetu tuseme ni shilingi 2 kwa kila 100. Ukinunua hisa za 10,000 unalipa 200, ukiuza unalipa karibu 200 nyingine. Anayefuata chati akaingia na kutoka mara tano amelipa kama shilingi 2,000, yaani sehemu moja ya tano ya pesa yake, hata kama bei haikusonga.

Basi tufanyeje?

Hatusemi chati ni mbaya. Kazi moja inafanya vizuri: kukuzuia usinunue kwa pupa. Bei ikiwa bado iko chini ya wastani wake na mstari unashuka, hakuna haraka. Ngojeni.

Kikundi kinachotaka kununua hisa kijibu maswali haya kwanza, na katibu aandike majibu:

1. Pesa hii ni ya nini? Ikiwa ni ya karo, ya matibabu au ya mkopo, isiende kwa hisa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

2. Tunaweza kungoja miaka mingapi bila kuigusa?

3. Kampuni inapata faida? Inalipa gawio? Ina madeni? Majibu yako katika hesabu zake za mwaka.

4. Bei ikishuka kwa robo, tutauza au tutakaa? Amueni kabla ya kununua, kwa maana siku bei inaanguka kila mtu huwa na maoni yake.

Swali la nne ndilo linaloweza kuvunja kikundi. Mwanachama mmoja akitaka kuuza na mwingine akisema sakafu iko karibu, kitabu cha katibu ndicho kitakachoamua.