Kwa nini laini za umeme zinazokwenda sambamba hupimwa pamoja

Mwishoni mwa mwaka 2024, gridi za Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa njia ya umeme yenye msongo wa kilovoti 400. Njia hiyo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, inaanzia Isinya nchini Kenya, inavuka mpaka Namanga na kufika Singida, katikati ya Tanzania.

Minara yake imebeba laini mbili, kila moja ikiwa na nyaya za fezi tatu. Mpangilio wa namna hiyo hutumiwa duniani kote kwa sababu huokoa ardhi na gharama, na laini moja ikipata hitilafu, nyingine huendelea kusafirisha umeme. Hata hivyo, laini mbili zinazokwenda bega kwa bega haziwi huru kabisa baina yao.

Mkondo wa umeme unaobadilika hujenga sumaku kuizunguka waya, na sumaku hiyo huzalisha volteji katika waya wa jirani hata kama haigusani nayo. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Katika hali ya kawaida athari huwa ndogo, kwa kuwa mikondo ya fezi tatu hukaribia kufutana. Hali hugeuka pale waya mmoja unapogusana na ardhi, kwa mfano baada ya kupigwa na radi. Mkondo mkubwa hurudi kupitia udongo, na laini ya pili huathirika kwa nguvu.

Hapo ndipo vifaa vya ulinzi, yaani rilei, vinapoweza kudanganyika. Rilei hukadiria umbali wa hitilafu kwa kulinganisha volteji na mkondo. Ikiwa laini zote mbili zinapeleka mkondo wa hitilafu upande mmoja, hitilafu huonekana mbali kuliko ilivyo, na umeme huweza kuchelewa kukatwa. Ikiwa laini ya pili imezimwa na kuunganishwa na ardhi katika ncha zote mbili, hitilafu huonekana karibu zaidi, na rilei huweza kuzima laini isiyo na kasoro. Kwa nchi zinazotegemeana kwa umeme, kosa kama hilo laweza kuwaacha watu gizani pande zote za mpaka.

Kiwango cha mwingiliano huo huweza kukokotolewa. Mwaka 1926, John Carson wa Marekani alichapisha kanuni za mikondo inayorudi kupitia ardhi. Lakini hesabu huhitaji kujua hali ya udongo, nao hubadilika njiani: udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko mwamba mkavu. Kwa sababu hiyo, mafundi hupendelea kupima.

Laini zote mbili huzimwa, na nyaya zake huunganishwa na ardhi katika kituo cha mbali. Katika kituo cha karibu, mkondo mdogo huingizwa kwa pamoja kwenye fezi tatu za laini ya kwanza, kisha volteji inayojitokeza kwenye laini ya pili husomwa. Volteji hiyo ikigawanywa kwa mkondo wa kila fezi, hupatikana kipimo cha mwingiliano. Kwa mfano, ampea 10 kwa kila fezi zikizalisha volti 200, kipimo ni omu 20. Masafa ya mkondo wa majaribio huwekwa chini kidogo na juu kidogo ya hezi 50 za gridi, ili usichanganywe na umeme wa laini nyingine zilizo karibu. Matokeo ndiyo hutumika kupangia rilei.

Jambo hilo hilo linagusa uhai wa mafundi. Laini iliyozimwa, ikiwa jirani yake ingali inafanya kazi, huweza kubeba volteji ya kuua. Ndiyo maana kanuni za kazi huagiza kwamba laini ihakikiwe kuwa haina umeme na kuunganishwa na ardhi kabla ya mkono wowote kuigusa. Swichi iliyozimwa kituoni, peke yake, si uthibitisho kwamba waya uko salama.