Ngisi aliyetufundisha hesabu za mishipa ya fahamu

Nyuzi nyingi za mishipa yetu ya fahamu ni nyembamba mno kuingizwa waya. Ndiyo maana Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, walimgeukia ngisi. Ngisi ana uzi mmoja wa fahamu unaoweza kukaribia unene wa milimita 1. Huo unapenyeza waya, unapima umeme wake.

Uzi ukiwa umetulia, ndani yake kuna umeme hasi kuliko nje. Sodiamu nyingi iko nje, potasiamu nyingi iko ndani. Ujumbe ukifika, sodiamu huingia kwa kasi na umeme hugeuka. Kisha njia ya sodiamu hujifunga, potasiamu hutoka, na uzi hutulia tena. Yote hayo ni ndani ya milisekunde chache tu.

Wawili hao waliushikilia umeme wa uzi usipande wala kushuka, wakapima kila mkondo peke yake, kisha wakaandika milinganyo ya jinsi njia hizo zinavyofunguka na kufunga. Kumbuka, msomaji, hakuna aliyekuwa ameziona njia zenyewe! Zilikuwa namba kwenye karatasi.

Ikabaki kukokotoa. Kompyuta ya chuo ilikuwa imezimwa ifanyiwe marekebisho, basi Huxley akakaa wiki kadhaa na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. (Sisi simu ikikwama dakika mbili tunanuna.) Hesabu ikasema ujumbe utasafiri mita 18.8 kwa sekunde. Kwa ngisi mwenyewe, kipimo kilikuwa mita 21.2.

Hapo ndipo uzito wa kazi hii ulipo. Kasi hiyo haikuwa miongoni mwa vipimo walivyoingiza. Ilitoka yenyewe kwenye milinganyo. Walichapisha mwaka 1952, wakapata Tuzo ya Nobel 1963 pamoja na John Eccles.

Mwaka 1962 Denis Noble, akiwa London, aliirekebisha milinganyo hiyo ieleze chembe za moyo. Leo modeli za namna hiyo husaidia kutabiri kama dawa mpya inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kabla mgonjwa hajaimeza. Na ile sindano ya ganzi kwa daktari wa meno? Lignokaini iliyomo huziba njia zilezile za sodiamu, ujumbe wa maumivu ukaishia njiani.