Kitambi si dalili ya utajiri: jipime kwa kamba

Jumamosi jioni wasafiri wa Nyeri na Murang'a husimama Kenol kula nyama choma. Hapo mwanamume mwenye kitambi huitwa "mheshimiwa", naye hufurahi. Lakini je, msomaji, wajua kitambi hicho kinaficha nini?

Mafuta yanayozunguka ini na matumbo huufanya mwili usiitikie insulini vyema. Polepole sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu huharibika pamoja. Hali hiyo, iitwayo sindromu ya umetaboli, hufungua mlango wa kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa kuwa haiumi, wengi hawana habari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu.

Hatuwezi kumtoa damu kila mtu sokoni, ila kamba yaweza kutuonyesha wa kuanza nao. Vua viatu, ukate kamba yenye urefu sawa na kimo chako. Ikunje nusu kwa nusu. Toa pumzi, kisha izungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya kimo: nenda ukapimwe.

Usidanganywe na saizi ya suruali, kwani wanaume wengi hufunga mshipi chini ya kitambi. Kwa futi ya fundi cherehani, mipaka inayotumiwa sana ni sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume. Hata hivyo, utafiti wa Afrika kusini mwa Sahara uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa hata kwa wanaume hatari yaweza kuanzia karibu 81.

Kamba si hukumu. Mjamzito asiitumie, na mwembamba pia apimwe shinikizo. Atakayepita mpaka aende zahanati apimwe shinikizo, sukari kabla ya kula, na mafuta ya damu.

Chama cha akina mama, kanisa au waendeshaji boda boda wanaweza kupimana kwa muda mfupi. Kila mmoja apimwe faraghani, maana aliyechekwa harudi. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu kwa kutembea na kuacha soda, shinikizo na sukari huanza kushuka.