Kahawa ya Baba, Ndizi za Mama: Utangulizi wa Taaluma ya Wanawake

Taaluma ya wanawake ni tawi la elimu ya juu linalochunguza maisha, kazi na fikra za wanawake, pamoja na sababu zilizofanya mambo hayo yapate nafasi finyu katika vitabu ambavyo kwa karne nyingi viliandikwa na wanaume kuhusu wanaume. Programu za mwanzo zenye jina hilo ziliibuka Marekani mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Makerere kikafungua idara yake mwaka 1991, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanazuoni akina Marjorie Mbilinyi walikuwa tayari wanaendesha kikundi cha utafiti na uhifadhi wa nyaraka za wanawake tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Anayeingia darasani kwa mara ya kwanza mara nyingi hutarajia hotuba za kuwasifu wanawake au kuwasuta wanaume. Anachokikuta ni kikavu zaidi, na pengine chenye manufaa zaidi: maswali matatu yanayorudiwa bila kuchoka, yaani nani anafanya kazi, nani anamiliki, na nani anaandikwa.

Majibu ya maswali hayo hayahitaji kufuatwa ng'ambo. Juu ya mji wa Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro kuanzia Machame hadi Rombo, familia za Kichaga huishi katika vihamba, mashamba ya nyumbani yanayorithishwa ndani ya ukoo, ambamo migomba, mibuni, magimbi na miti mirefu ya kivuli huota pamoja, na ng'ombe hulishwa zizini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima, na sifa hiyo inastahili. Hata hivyo, maandishi mengi kuhusu kihamba humtaja mkulima wa Kichaga kana kwamba ni mtu mmoja, na taaluma ya wanawake huanzia hapo hapo, kwa kuuliza mkulima huyo ni yupi.

Katika mgawanyo uliozoeleka, mibuni ilihesabiwa kuwa ya mume na ndizi zikawa za mke. Mke ndiye anayeshuka tambarare kukata majani na kupanda nayo mlima akiwa ameyabeba kichwani, ndiye anayezoa samadi zizini na kuirundika kwenye mashina ya migomba na ya mibuni vilevile, kisha ndiye anayevuna mikungu na kuamua ipi ni ya mtori, ipi ni ya kupikia mbege, yaani pombe ya ndizi, na ipi itapelekwa gulioni Mwika au Kiboriloni ili ipatikane fedha ya chumvi na sabuni. Kahawa nayo huchumwa na nyumba nzima, maana tunda lililoiva halisubiri, halafu humenywa, huoshwa na kuanikwa kwa mikono ambayo mingi ni ya wanawake na watoto. Ikishafika kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, jina linaloingia kitabuni ni la mwanachama, na kwa miongo mingi mwanachama alikuwa mwenye mibuni. Wanataaluma huziita kazi zenye bei sokoni kazi za uzalishaji, na zile za kupika, kulea, kuteka maji na kuuguza huziita kazi za matunzo. Samadi ya kihamba inaonyesha jinsi mpaka huo unavyovuja, kwa kuwa jasho lisilohesabiwa huishia ndani ya gunia linalopimwa.

Mgawanyo huo huelezwa kwa neno moja tu: mila. Lakini mila ina tarehe zake. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ukafuata ushirika mashuhuri wa KNCU wenye makao yake Moshi. Mbuni ni mti unaoishi miongo mingi, kwa hiyo aliyeupanda alipata sababu mpya ya kuing'ang'ania ardhi, na watu walipoongezeka, kihamba kikawa hakigawanyiki tena bila kugombaniwa. Desturi ya kuwapa kipaumbele mtoto wa kiume wa kwanza na kitinda mimba, huku binti akihesabiwa kuwa atalima kwa mumewe, ikazidi kuuma. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia na mwanasheria wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za mila za Kilimanjaro, alionyesha kwamba kilichoitwa mila mbele ya mahakama kilikuwa kimefinyangwa upya na ukoloni, kahawa na mahakama zenyewe. Huo ndio ufunguo wa somo zima, kwani kilichofinyangwa na watu kinaweza kuulizwa ni akina nani waliokuwapo kikifinyangwa.

Mahakama za Tanzania zimelazimika kuuliza vivyo hivyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ingawa Bi Hawa mwenyewe, kwa mazingira ya shauri lake, hakuambulia kitu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaja kutamka haki sawa ya wanawake kumiliki ardhi, na mjini Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake kisheria katika mashauri ya namna hiyo.

Swali la nani anaandikwa nalo lina njia yake: wasiotajwa kwenye nyaraka hutafutwa kwa historia simulizi, njia ya kukusanya masimulizi ya wahusika wenyewe na kuyalinganisha na maandishi ya serikali. Kwa njia hiyo mwanahistoria Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alimrudisha kiongozi wa wanawake Bibi Titi Mohamed na wenzake katikati ya historia ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika.

Ubishi haujaisha ndani ya taaluma yenyewe. Mjane mwenye mtoto wa kiume, binti aliyeachika na kurudi kwao, na kibarua anayechuma kahawa katika kihamba cha mwanamke mwenzake hawana hali moja, na kijana wa katikati ambaye hakupata kihamba, akashuka kwenda kufanya biashara Moshi au Dar es Salaam, naye amebanwa na kanuni ileile ya urithi. Kwa sababu hiyo vyuo vingi, Makerere kikiwemo, vimeongeza jinsia, yaani mahusiano ya wanawake na wanaume kama jamii inavyoyapanga, katika majina ya idara zao, huku baadhi ya wanazuoni wakihofu kwamba upanuzi huo unaweza kumrudisha mwanamke pembeni.